Kumi na Nne Haipatikani

Nyumbani kwetu sauti ya televisheni haipimwi kwa masikio. Inapimwa kwa namba, na namba hizo tunaziheshimu kuliko Katiba, maana Katiba imeshafanyiwa marekebisho mara nyingi na zetu hazijaguswa. Taarifa ya habari ni kumi na nane. Tamthilia ya Kituruki, ile ambayo kila mwanamke ana siri na kila mwanamume ana bastola, ni kumi na sita. Katuni za Idrisa ni kumi, na akinung'unika ni nane. Mpira ni ishirini na mbili. Halafu ipo namba kuu, kumi na nne, inayoanza kutumika saa nne usiku kwa kila kipindi, awe anayesema ni waziri au ni mtangaza sabuni. Hiyo hatukuitunga sisi. Aliitunga jirani.

Jirani yetu ni mzee mstaafu wa reli, aliyewahi kuwa mkuu wa stesheni. Kati ya sebule yetu na chumba chake pana ukuta mmoja wa tofali, uliojengwa na mtu aliyekuwa na haraka. Tulipohamia hapa Magomeni alikuja akapiga hodi, akaketi, akanywa chai, kisha akamwomba Baba Nasra awashe TV na apandishe sauti polepole wakati yeye anasikiliza kutoka kitandani kwake. Akarudi. "Hapo mlipofika ni ngapi?" Kumi na nne, Mzee. "Basi hapo hapo." Tangu usiku huo hajawahi kugonga ukuta wala kutoa neno la ukali. Tukizidisha anasogea dirishani tu, na kwa sauti ileile aliyotangazia treni anauliza: "Mama Nasra, hiyo ni ngapi?" Nikimtajia namba ya halali analala. Nikimtajia ya haramu Baba Nasra anapunguza. Ni jirani mwema, na ana maoni. Siku moja kibarazani alinieleza kwa kirefu kwamba yule mke mdogo wa kwenye tamthilia atakuja kujuta, nikadhani na yeye anaitazama.

Utawala huu ulidumu mpaka siku Baba Nasra alipokwenda Kariakoo.

Kisa chenyewe ni TV nyembamba. TV zile za chogo zilikuwa mzigo wa watu wawili, lakini spika zake zilikuwa kubwa kiasi na zilikutazama usoni. Hizi za kisasa zimekondeshwa mpaka spika zimekosa pa kukaa, kwa hiyo zimewekwa chini au nyuma, vijispika vidogo vinavyoongea na meza au na ukuta. Msomaji wa habari unamwona anafungua mdomo mbele yako na maneno yanatokea uvunguni. Baba Nasra alitaka sabufa. Nikakataa. Sabufa naijua, ilikuwapo kwa wifi yangu, ikilia kabati la vyombo linajibu. Tukakubaliana saundibaa, ambayo ni ndefu, ni nyembamba, na ukiiweka chini ya TV wageni hawajui kama umenunua kitu, jambo ambalo Baba Nasra aliliona ni kasoro.

Muuzaji alimwambia, "Shemeji, hii unachomeka tu." Nimefikia umri wa kuogopa kitu chochote ambacho unachomeka tu.

Ndani ya boksi mlikuwa na waya mwembamba mweusi ambao ukiuchungulia nchani unaona mwanga mwekundu. Muuzaji aliusifu huo kuliko saundibaa yenyewe: unapitisha sauti kwa mwanga, si kwa umeme. Alisema kweli. Waya wa aina hiyo ulitolewa na Toshiba mwaka 1983, ndiyo maana unaitwa TOSLINK. Upande wa TV sauti inageuzwa kuwa mwanga unaowaka na kuzimika kwa kasi, upande wa pili mwanga unageuzwa kuwa sauti tena. Ambacho muuzaji hakukisema ni kwamba mwanga huo unakwenda upande mmoja tu. TV inatoa, saundibaa inapokea, na hakuna njia ya kurudisha hata salamu.

Sauti, lazima nikiri, ilikuwa nzuri. Msomaji wa habari alitoka uvunguni akaja kukaa nasi. Nikachukua rimoti ya TV nimweke kwenye kumi na nane yake, na kwenye kioo kikatokea kijipicha cha spika pamoja na maneno kwamba sauti inatoka kwenye kifaa cha nje. Namba hakuna. Nikabonyeza tena, kijipicha kikatokea tena, kikanitazama, kikaondoka.

Saundibaa ilikuwa na rimoti yake na namba yake. Namba hiyo huwaka nyuma ya wavu wa mbele kwa nukta chache halafu hujizima. Tulichelewa kuijua kwa sababu Bibi alikuwa ameshaifunika saundibaa kitambaa cha kufuma. Mama mkwe wangu ni mtu wa Unguja, na kwake chombo kisichokuwa na kitambaa kiko uchi. Redio ina kitambaa, friji lina kitambaa, makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi. TV imeponea kwa wembamba wake, kila akiitandika kinateleza.

Na kwa habari za televisheni Bibi hafundishwi na mtu. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1973. Huku bara tulisubiri hadi 1994 ndipo stesheni za kwanza zikaanza, na Bibi hajawahi kuliacha jambo hilo lipite kimya. "Miaka ishirini na moja," husema, "tulikuwa twatazama kwa niaba yenu." TV ya wakati huo, kwa maelezo yake, ilikuwa na kinobu cha kuzungusha: unazungusha mpaka usikie, basi. Mambo ya kumi na nne na kumi na nane anayaona ni ushamba wa bara. "Sauti ni mchele hata ipimwe?"

Saa nne usiku ikafika. Sebule nzima ikatazama kioo kutafuta kumi na nne, na kioo hakina habari. Baba Nasra akasema sauti iko chini. Mimi nikasema iko juu. Nasra, ambaye yuko kidato cha pili na anajifunza siasa, akasema iko katikati. Dirishani pakaja ile sauti ya stesheni.

"Mama Nasra, hiyo ni ngapi?"

"Mzee, haisemi."

Kikapita kimya. "Haisemi vipi? Jana ilisema."

Kumbe miaka yote hiyo hatukuwa tunagombana sisi kwa sisi, tulikuwa tunagombana na namba, nayo haikuwa na kinyongo. Sasa kila mtu akashika masikio yake kama ushahidi. Baba Nasra akadai mimi nina masikio makali kwa sababu ya kusikiliza mambo ya watu. Nikamkumbusha kwamba yeye amefanya kazi karibu na majenereta. Tukafika mbali.

Ukombozi wa kwanza ulikuja Bibi alipokwenda kuswali, Nasra akainua kitambaa. Nyuma ya wavu ikasomeka tisa. Baba Nasra akashangilia, namba ipo! Akachukua ile rimoti ndogo, akapandisha kwa heshima zote mpaka kumi na nne, akaiweka mezani, akaegemea kochi. Amefuata sheria neno kwa neno.

Madirisha yakatikisika. Mzee hakuja dirishani, alikuja mlangoni, na msuli wake na tochi.

"Hii ndiyo kumi na nne?"

"Ndiyo, Mzee," Baba Nasra akamjibu, akinyanyua kitambaa kumwonyesha. "Tazama mwenyewe."

Mzee akatazama. "Kumi na nne ya wapi?"

Swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko alivyodhani. TV yetu inahesabu hadi mia. Saundibaa, tulikuja kuona baada ya Mzee kurudi kwake na Idrisa kufanya jaribio ambalo hakuna aliyemtuma, inahesabu hadi thelathini. Kwa hiyo kumi na nne ya TV ni sauti ya mtu anayemnong'oneza mgonjwa, na kumi na nne ya saundibaa ni karibu nusu ya ngazi zake zote. Hakuna mamlaka duniani iliyoamua namba ya sauti iwe na maana gani. Ni ngazi tu, kila kiwanda kinachonga vidaraja vyake. Kipimo cha kweli ni desibeli, nacho kina vituko vyake: ili sikio lisikie kwamba sauti imekuwa maradufu, nguvu inayosukuma spika inabidi iongezwe kama mara kumi. Vipo na vikuza sauti vya watu wenye fedha vinavyohesabu kinyumenyume, sifuri ikiwa ndiyo juu kabisa, na sauti ya kawaida ya sebuleni ikisomeka hasi arobaini. Ningetamani nimwone Mzee dirishani akijibiwa hasi arobaini.

Tukaita fundi. Fundi wa mtaani kwetu ni bingwa wa sabufa, waya anazozitambua ni mbili, mwekundu na mweupe, na zote hazikuwapo. Akaizunguka TV, akapuliza vumbi, akaniomba bisibisi.

"Maza, hii inabidi ifunguliwe."

"Ina nini?"

"Hatuwezi kujua mpaka ifunguliwe."

Nikamwambia TV si fenesi. Akanywa soda, akapokea nauli, akaondoka akimshauri Baba Nasra anunue sabufa.

Basi nikakaa jikoni na kijitabu cha maelekezo, maharage yakiwa motoni. Kijitabu kina lugha nyingi na Kiswahili hakimo, lakini kina michoro, na kwenye mchoro mmoja palikuwa na tundu nyuma ya TV ambalo sisi hatukuwahi kulitumia, limeandikwa HDMI na pembeni yake, kwa herufi za kutafutia miwani, ARC. Nikaanza kuelewa. HDMI watu wengi tunaijua kama waya wa kuleta picha kutoka kwenye king'amuzi. Mwaka 2009 lilitoka toleo lake la 1.4, lililoongeza hiyo ARC: waya uleule ukaweza pia kuitoa sauti ndani ya TV na kuipeleka kwenye spika za nje. Na ndani ya waya huo, kwenye pini ya 13, pana njia moja ya pembeni ambayo haipitishi picha wala sauti. Inapitisha maongezi ya vyombo. Inaitwa CEC. TV inauliza, "Wewe hapo, umewashwa? Sauti yako iko kwenye ngapi?" na saundibaa inajibu. Ni maongezi ya wazee, biti kama mia nne kwa sekunde. Picha moja ya kawaida ya WhatsApp ingechukua zaidi ya nusu saa kupita. Lakini namba ya sauti si mzigo, inapita.

Yaani hitilafu hatukuwa nayo. Tulikuwa na TV na saundibaa ambazo hazijatambulishwa.

Ugumu uliobaki ulikuwa kuitafuta CEC yenyewe kwenye menyu, kwa sababu kampuni zilikubaliana maongezi kisha zikakataa kukubaliana jina. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony wanaiita Bravia Sync, Panasonic wanaiita Viera Link, na zote ni CEC ileile. Ni tabia ninayoifahamu. Kwetu kuna mjomba ana jina la nyumbani, jina la shule na jina la polisi. Ya kwetu tuliikuta kwenye mipangilio ya jumla, chini kabisa, imezimwa. Nikaiwasha. Waya wa mwanga tukauchomoa, waya wa HDMI tukauchomeka, tukaiambia TV sauti sasa ipite huko. Baba Nasra akashika rimoti ya TV kwa mikono miwili na kubonyeza.

Namba ikarudi. Tatu, ikasema kwenye kioo. Watoto wakapiga makofi. Bibi akapiga kigelegele akidhani Nasra kafaulu mtihani.

Baba Nasra akapanda. Saba. Kumi. Kumi na tatu. Kumi na saba.

Akasimama. Akarudi nyuma: kumi na tatu. Akapanda taratibu, akibonyeza kwa ncha ya kidole ili namba isishtuke: kumi na saba.

Ni hesabu ya darasa la sita. Kwenye maongezi yale ya CEC sauti hutajwa kwa kipimo cha sifuri hadi mia. Saundibaa yenye ngazi thelathini inapoulizwa iko wapi inajikuza: ngazi ya kwanza inajiita tatu, ya pili saba, ya tatu kumi, ya nne kumi na tatu, ya tano kumi na saba, ya sita ishirini. Kumi na nne haimo. Ukiipigia haipatikani. Nasra akaleta daftari, tukazipitia sheria zetu moja moja. Kumi na nane ya habari haipo. Kumi na sita ya tamthilia haipo. Ishirini na mbili ya mpira haipo. Katika sheria zote za nyumba ile iliyosalimika ilikuwa moja, kumi ya katuni, nayo ndiyo Idrisa alikuwa anaipinga tangu azaliwe.

Tukiwa bado tunajadili kama kumi na tatu ni utii au kumi na saba ni uasi, sauti ikapanda yenyewe. Kwenye kioo bado kumi na tatu. Ikapanda tena. Kumi na tatu. Baba Nasra akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Mimi nikageuka nyuma nikamkuta Bibi ametulia na rimoti ya king'amuzi mkononi, anabonyeza.

Hili la king'amuzi lina historia yake. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa 31 Desemba 2012, na tangu hapo kila sebule imepata boksi la pili lenye rimoti ya pili na, jambo ambalo hakuna aliyetutangazia, sauti ya pili. King'amuzi kinapunguza na kuongeza sauti kabla haijafika kwenye TV, na chenyewe hakina namba, kina vijiti vya kijani vinavyojipanga chini ya kioo. Kwa hiyo unaweza kuwa na TV iliyo kwenye thelathini na king'amuzi kilicho kwenye kijiti kimoja, ukapata mnong'ono, halafu mtu akapandisha vijiti vyote na jirani akaamka. Dawa yake ni kukiacha king'amuzi juu kabisa na kutawala kwa rimoti moja. Nikabandika plasta kwenye vitufe vya sauti vya rimoti ya king'amuzi. Bibi akaiona, hakusema kitu, lakini siku hiyo alikula ugali bila mboga ili nijue.

Hata hapo usidhani namba ilikuwa imeshika. Unamweka msomaji wa habari pazuri, yanakuja matangazo ya biashara, namba haijasogea na sauti imekuwa ya mnadani. Wanaotengeneza matangazo hujaza sauti ikawa nzito mwanzo hadi mwisho, bila pumzi. Wamarekani jambo hili liliwachosha mpaka Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2010, ikaanza kutumika Desemba 2012, kwamba tangazo lisizidi kipindi kwa sauti. Sisi tuna Bibi, anayeliambia tangazo, "Nyamaza nawe, hujaulizwa!"

Sasa nifike kwenye mambo ya kikoba, ingawa Baba Nasra amenishauri nisiyaandike.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha kina mama wa mtaa, na mwezi huo kikao kilikuwa kwangu. Walikuja karibu wote. Mama Rehema, ambaye kwao ni nyumba ya pili, alileta udhuru kwamba anaumwa kichwa. Mama Shani alikaa kwenye kochi kubwa, akasifu vitambaa, akasifu chai, akaiuliza saundibaa bei. Kabla sijamjibu umeme ukakatika. Tukaendelea na hesabu kwa mwanga wa dirishani. Umeme ukarudi, TV ikawaka, saundibaa ikatoa ule mlio wake wa kuamka, na sebuleni ikaingia sauti ya mwanamke, safi, imejaa, inazunguka chumba kizima.

"...we shoga nawe, unadhani lile saundibaa kalinunua kwa hela gani? Mshahara wa mumewe si tunaujua? Muulize mwenye daftari..."

Ilikuwa sauti ya Mama Shani. Mama Shani mwenyewe alikuwa mbele yangu na andazi mkononi, mdomo umefungwa.

Nikanyakua rimoti ya TV. Nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka sifuri. Kioo kikaonyesha sifuri kubwa, na alama ya spika iliyopigwa mstari, na Mama Shani wa kwenye saundibaa alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye faini za mwezi wa tatu. Nikanyakua ya king'amuzi, nikabandua plasta. Vijiti vyote vikashuka. Akaendelea. Rimoti ya saundibaa ilikuwa chini ya kitako cha mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa hataki kuinuka, alikuwa anasikiliza.

Baadaye nilielewa. Hii saundibaa, umeme ukikatika na kurudi, haikumbuki kwamba ilikuwa inaongea na TV. Inaamka upande wa bluetooth na kutafuta simu yoyote inayoijua. Na moja ilikuwa inaijua: ya Mama Rehema, ambayo Idrisa aliiunganisha siku tuliyomsomea Bibi hitima ya marehemu mumewe na ikatakiwa kaswida. Mama Rehema na kichwa chake yuko kitandani kwake, ng'ambo ya ua, anabonyeza kusikiliza ujumbe wa sauti, simu yake haitoi kitu, anadhani imeharibika, anapandisha sauti. Kwa hiyo sauti ya kwangu ilikuwa inaamuliwa na kidole cha Mama Rehema. TV, ilipoona saundibaa imeikimbia, ilirudi kwenye vijispika vyake vya uvunguni, na ile sifuri niliyokuwa nabonyeza kwa jasho ilikuwa sifuri ya hivyo.

Aliyetuokoa ni Bibi. Aliinuka taratibu, akakunja kitambaa chake, akang'oa plagi ukutani. "Miye nilisema," akawaambia kina mama, "namba za nini."

Pakawa kimya. Mama Shani akamalizia andazi. "Chai yako leo tamu, Mama Nasra," akasema. Nikamshukuru, nikafungua daftari, nikasoma hesabu tangu Januari, shilingi kwa shilingi, na nilipofika kwenye faini za mwezi wa tatu nikasoma polepole. Alikuwa anadaiwa yeye.

Bluetooth tumeifuta kumbukumbu zote. Kikao kijacho ni kwa Mama Rehema, ambaye kichwa kimepona.

Lililobaki lilikuwa mkataba na Mzee. Nilimwendea mwenyewe, nikamwamkia, nikamweleza kwamba kumi na nne imekufa na hairudi, tuna kumi na tatu na tuna kumi na saba, achague. Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyeongoza stesheni. "Mama Nasra, mimi namba mlinipa nyinyi. Mimi nilichagua sauti." Basi tukarudia ya zamani: yeye akaenda kulala kitandani, Baba Nasra akapandisha ngazi kwa ngazi. Tatu, saba, kumi, kumi na tatu, kumi na saba. Kimya. Ishirini.

"Hapo!"

Ishirini ikaandikwa. Baba Nasra anaeleza kijiweni kwamba jirani ametuongezea sita bila kuombwa, na mimi sijamfafanulia.

Mechi ya Simba na Yanga ikaangukia usiku. Sebule ilijaa, na kwa heshima ya mkataba tukaanza na ishirini. Kipindi cha pili, mpira umekwenda golini kwetu na watu wote wamesimama, ukuta ukagongwa. Miaka yote ile ukuta haujagongwa. Nikamnyang'anya Baba Nasra rimoti, nikashusha hadi kumi na saba. Ukagongwa kwa nguvu zaidi. Nikashusha hadi kumi na tatu, wageni wakaanza kuguna. Ndipo Mzee akatokea dirishani na msuli wake.

"Mama Nasra, mbona mnapunguza? Refa katoa penalti au kona?"

Baba Nasra akamwambia ni kona. Akamuuliza kwani kwake TV ina nini.

"Kwangu kifurushi kiliisha tangu mwaka jana. Sikuona haja ya kulipia."

"Basi ingia ndani, Mzee, utazame."

"Hapana, nimeshashusha chandarua. Wekeni ishirini na saba."